Safari ya Kinshasa na akti iliyokosekana



Mdogo wangu aliolewa na Mchina aliyefanya kazi mgodini Kolwezi. Mahari ilitolewa, wazee walikula na kunywa, picha zikapigwa. Kisha bwana akarudi kwao Guangdong kumuuguza mama yake. Mdogo wangu akataka kumfuata pamoja na mtoto.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo tulipanda ndege. Tulifika Gombe asubuhi, mtaa wa wizara na balozi, ambako watu walitusalimu kwa Kilingala. Kwenye gishe, mama mmoja alitazama picha za mahari, akauliza kwa upole: «Na akti ya ndoa?»

Hatukuwa nayo. Visa ya Q1, ya kwenda kukaa na jamaa huko China, inahitaji hati ya serikali inayoonyesha kwamba hao ni mume na mke. Na akifika huko, ana siku 30 za kuomba kibali cha kukaa kwa polisi wa uhamiaji; huko pia ataulizwa hati.

Mimi mwalimu, ninayesahihisha karatasi za watoto kila siku, ya mdogo wangu sikuiuliza. Tulirudi na mtoto mgongoni, naye hajamwona baba yake mpaka leo.

Mama, siku mahari inapotolewa, ulizeni wanakwenda lini komini kuandikisha ndoa. Waende bwana angali hapa.