Mjomba, bastola na taa za dagaa Rubafu

Msomaji wangu, kama umefika Bukoba mjini ukala samaki wako ufukweni ukageuza, basi Kagera umeiona nusu. Wiki hii twende wote Rubafu. Ila nakuonya mapema: safari hii ina bastola ndani yake.

Kutoka mjini unaelekea kaskazini, upande wa Bugabo. Nilipanda haisi moja iliyojaa mpaka kondakta akaning'inia mlangoni, na mapajani mwangu kulikuwa na jogoo wa mama mmoja ambaye hata sikujua jina lake. Migomba huku na huku, mibuni chini ya migomba, halafu ghafla unatokea rweya, nyasi tupu na upepo, halafu migomba tena. Mwisho ardhi inakatika na mbele yako ni Ziwa Victoria, maji mpaka macho yachoke. Ilikuwa Novemba, mwezi wa mvua na senene, kwa hiyo kila mtu garini alikuwa na habari za senene.

Sasa usidhani nilikwenda kutalii. Mama ndiye aliyenituma. Alinipigia simu akasema, "Nenda ukamwone mjomba wako. Anataka kumpeleka mtoto wa watu polisi."

Mjomba ana mitumbwi ya dagaa. Anavua, anakausha, anauza. Ni biashara ya fedha mkononi, ndiyo maana miaka ya nyuma aliomba leseni ya bastola akapewa. Lakini sasa amevuka hamsini, na kile kilengeo kidogo cha chuma kilicho mbele ya bastola kimeanza kumkimbia. Akinyoosha mkono anakiona kama kimefunikwa na ukungu. Basi akauliza ofisi iliyompa kibali, akaruhusiwa, akanunua Dar es Salaam kioo cha kulengea. Ni kidude kidogo kinachofungwa juu ya bastola, ukichungulia unaona nukta nyekundu ya mwanga. Hata uzee ukikukamata kioo hiki kinakufaa, kwa sababu nukta inaonekana kama iko mbali pamoja na shabaha, na jicho halihangaiki kutazama karibu na mbali kwa wakati mmoja.

Wazo lenyewe si la leo. Howard Grubb wa Dublin alilibuni mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikaleta ya umeme mwaka 1975. Siku hizi zimekuwa ndogo hata zinakaa juu ya bastola.

Tatizo la mjomba: nukta haikuwa nukta.

"Nimeuziwa feki," aliniambia hata shikamoo yangu haijapoa. "Nshomile mzima naibiwa na kitoto! Atanirudishia hela zangu au atalala ndani."

Ndugu zangu, Mhaya akishajiita nshomile, wewe kaa kimya usikilize.

Jioni tuliketi nyuma ya nyumba, pale ardhi inaposhuka kuelekea ziwani. Mjomba alichomoa magazini, akavuta slaidi, akanionyesha chumba cha risasi kitupu, kisha akanionyesha mara ya pili. Rubisi ilikuwepo, lakini haikuguswa mpaka kasha la bastola lilipofungwa. Hiyo ni sheria ya nyumba. Aliielekeza kwenye tuta la udongo, akachungulia, akasonya.

"Ona mwenyewe. Kama senene aliyekanyagwa."

Nikachukua. Mimi sikuona senene. Niliona vinukta vimeshikana kama kichala cha kahawa, na kimoja kina mkia. Nikasema moyoni, kweli mzee kaibiwa.

Binti yake mdogo, ambaye yuko kidato cha nne, akaomba naye achungulie huku baba yake ameshika. Akatazama, akatutazama sisi.

"Mbona ni duara? Ndogo, kama punje ya mtama."

Watu watatu, kioo kimoja, vitu vitatu! Mtoto wa shule akatoa wazo: chukueni simu mpige picha kupitia kioo. Nikapiga, nikaikuza ile picha. Nukta ilikuwa duara safi. Kisha akamwomba baba yake aizungushe bastola taratibu, ilale ubavu, huku kichwa chake kimetulia. Kama mkia ungezunguka pamoja na kioo, kioo ndicho kibovu. Mkia haukuzunguka, ulibaki palepale. Maana yake mkia ulikuwa ndani ya jicho la mjomba. Na langu.

Giza likaingia. Usiku huo haukuwa na mwezi, na usiku wa namna hiyo ndio wa dagaa, kwa sababu taa za wavuvi ndizo zinazowavuta. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Ziwa lilijaa taa kama mji mwingine umeibuka majini. Binti akanyoosha kidole kwenye mwanga mmoja uliokuwa karibu na ufuko.

"Baba, pale unaona taa ngapi?"

"Tatu. Zimekaribiana."

Nikasema, "Mimi naona moja, lakini ina miba pande zote."

"Ni moja tu," akasema. "Na haina miba."

Msomaji, miaka yote hii nilidhani taa za usiku zina miba kwa kila mtu! Taa za magari, taa za barabarani, nyota. Nilidhani ndivyo zilivyoumbwa.

Binti akachana kipande cha jani kavu la mgomba, akakitoboa kwa pini, akampa baba yake achungulie kupitia kile kitundu. Mjomba alikaa nacho muda mrefu.

"Ni moja," akasema polepole.

Halafu akanyamaza, na mjomba wangu si mtu wa kunyamaza. Mwishowe akatueleza. Wiki mbili kabla aliamka usiku akaona taa tatu zimeizunguka sehemu yenye nyavu zake. Akajua ni wezi, tena kundi. Akatoka na bastola, akashuka mpaka majini, akaitoa. Hakufyatua. Mtu mmoja mle mtumbwini alikohoa, na kikohozi kile alikijua: ni cha mwanawe mkubwa, aliyekuwa anarudi mapema kwa sababu ya mvua. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Taa ilikuwa moja.

"Nilisema giza ndilo limenidanganya," akasema. Binti yake alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Aliondoka akaingia ndani bila kuaga.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Bukoba kwa daktari wa macho, mimi na mjomba. Jina la ugonjwa ni astigmatizimu, na wala si ugonjwa wa kutisha. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kinatakiwa kiwe kimepinda sawasawa kama mpira. Chetu kimepinda kama ubavu wa yai. Mwanga wa wima na wa ulalo haukutani mahali pamoja, kwa hiyo nukta inavutika, inaota mkia au inajigawa. Usiku ni balaa zaidi kwa sababu mboni inafunguka sana. Kitundu kwenye jani kinasaidia kwa kuwa kinapitisha mwanga mwembamba tu. Thomas Young, Mwingereza, aliligundua jambo hili kwenye jicho lake mwenyewe mwaka 1801, na mwaka 1825 mwenzake George Airy akatengenezewa miwani ya silinda ya kulirekebisha. Miwani ya namna hiyo ndiyo tuliyoandikiwa. Mjomba alipimwa pia mtoto wa jicho, maana naye huweza kuzalisha taa za bandia. Hakuwa naye.

Sasa wewe msomaji unayemiliki silaha kihalali na unataka kioo cha nukta, haya ndiyo tuliyojifunza kwa jasho.

Kwanza pima macho, kisha ndiyo ununue. Ukishapata miwani, nenda nayo dukani. Usinunue kwa picha wala kwa sifa za rafiki, kwa sababu jicho lake si lako. Chungulia kile kioo chenyewe utakachokilipia.

Pili, punguza mwanga wa nukta. Wengi wanauweka juu mno, nukta inavimba. Uweke pale inapoonekana tu, na macho yako yatazame shabaha, yasiitazame nukta.

Tatu, jaribu maumbo na rangi. Nukta ya dakika 6 inafunika kama sentimita 4 na nusu kwa mita 25, ya dakika 3 nusu yake. Kuna macho yanayoivuruga ndogo na mengine yanayoivuruga kubwa. Vipo vyenye duara kubwa la dakika 32, kama sahani ya sentimita 23 kwa umbali huohuo, na hata duara likichafuka pembeni katikati yake unaiona. Wengine wanaona kijani vizuri kuliko nyekundu. Jaribu vyote.

Nne, kwa mtu wa ziwani na wa mvua kama za Bukoba, chagua kilichofungwa pande zote. Kile cha wazi, tone moja likianguka penye taa yake, nukta imeharibika hata kwa mwenye macho ya tai.

Tano, vikikushinda vyote, rudi kwenye vilengeo vya chuma ukiwa na miwani inayofaa. Wapiga bastola wa Olimpiki hawaruhusiwi hata leo vioo vya namna hii, na wanatoboa katikati.

Baada ya siku kadhaa miwani ikawa tayari. Mjomba aliivaa, akachungulia. Mkia ulibaki kidogo. Akapunguza mwanga, mkia ukaisha. Hakusema kitu. Akachukua simu akampigia yule kijana wa Dar, na nilisikia kwa masikio yangu neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake: samahani.

Usiku wangu wa mwisho Rubafu nililala barazani, bakuli la senene mkononi. Ziwa lilikuwa limewaka. Mjomba alikaa na miwani yake mpya, binti yake pembeni, akihesabu mitumbwi kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Alipofika kumi na saba binti akasema, "Sawasawa, baba." Bastola ilikuwa ndani ya kasha, na usiku huo funguo aliniachia mimi.

Tukutane wiki ijayo, na kabla ya hapo chungulia taa ya mtaani kwenu usiku. Ikiwa na miba, nenda ukapime.