Jela inaitwa Angola

Kuna jela huko Louisiana, Marekani, inaitwa Angola. Jina limetoka kwa shamba la watumwa lililokuwepo pale zamani, nalo shamba lilipewa jina la Angola hii hii ya kwetu Afrika. Lina ukubwa wa ekari 18,000 na wafungwa wanalima mpaka leo. Habari za utumwa nitaziacha kwa siku nyingine, maana nikianza hapo sitafika. Leo nataka kuongelea mtu mmoja aliyezeekea mle ndani.

Henry Montgomery alikuwa na miaka 17 mwezi Novemba 1963, alipompiga risasi na kumuua Charles Hurt, naibu wa sherifu wa Baton Rouge. Kijana mweusi, askari mzungu, Louisiana, 1963. Unaweza kupiga picha hali ilivyokuwa. Kwanza alihukumiwa kifo, kisha mahakama ya juu ya jimbo ikatengua hukumu kwa sababu chuki ya umma iliyokuwepo isingeruhusu kesi ya haki. Kesi ikarudiwa, akatiwa hatiani tena, safari hii akapewa kifungo cha maisha bila parole. Adhabu ilikuja yenyewe moja kwa moja baada ya kutiwa hatiani. Hakupewa nafasi ya kuiambia mahakama, "jamani, nina miaka 17."

Alitoka tarehe 17 Novemba 2021. Alikuwa na miaka 75.

Sasa hivi kifungo cha maisha bila parole ni nini hasa? Watu wengi ninaobishana nao wanadhani ni kifungo kikali tu, kirefu kuliko vingine. Mimi naona kina tofauti yake. Kifungo cha maisha cha kawaida kinakuambia utakaa sana, na baadaye tutakutazama. Hiki kinasema hakuna atakayekutazama tena. Hata ukibadilika ukawa malaika, hakuna mlango wa kubisha. Kwa mtu wa miaka 45 naweza kuelewa hoja hiyo, japo siipendi. Kwa wa miaka 17 inanishinda, kwa sababu unatoa hukumu ya mwisho juu ya mtu ambaye hajamaliza kuwa mtu. Huyo huyo sheria haimruhusu kupiga kura.

Marekani wenyewe wamelipitia jambo hili taratibu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ilifuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya miaka 18. Mwaka 2010, katika kesi ya Terrance Graham wa Florida, ikakataza kifungo hiki kwa watoto ambao hawakuua. Mwaka 2012 ikasema hata kwa waliouwa kisiwe cha lazima, jaji atazame umri kwanza. Wakati huo walikuwepo zaidi ya watu 2,000 waliofungwa hivyo kwa makosa ya utotoni. Na Januari 2016, kwa kesi ya Montgomery mwenyewe, ikasema uamuzi huo unawagusa hata wale wa zamani.

Ungedhani mzee alitoka mwaka huo huo. Wapi! Bodi ya parole ilimkatalia 2018, ikamkatalia tena 2019. Na moja ya sababu? Hakuwa amesoma kozi za kutosha gerezani. Nilipoisoma hiyo niliweka kikombe chini. Kwa miongo kadhaa wafungwa wa aina yake hawakupewa kozi hizo, maana nani anamfundisha mtu ambaye hatoki? Mzee alikuwa amefanya kazi ya kuchapa fulana, amesaidia kuanzisha timu ya ngumi ya wafungwa, halafu anaulizwa vyeti.

Lakini nisiwe mwepesi. Familia ya Hurt ilipinga kuachiwa kwake, na siwezi kuwalaumu. Baba yao hakupata rufaa. Ukiniuliza ningesema nini kama angekuwa baba yangu, nadhani ningesimama upande wao na ningepiga kelele kuwazidi. Ndiyo maana sidai kila mtoto aliyeua aachiwe. Wengine pengine watazeekea ndani, na iwe hivyo. Ninachodai ni kidogo: baada ya miaka kadhaa, mtu afungue faili, amwite, amsikilize, halafu aseme ndiyo au hapana. Familia ya marehemu nayo iitwe, iseme.

Hata hilo dogo halijashinda. Zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yamekifuta kifungo hiki kwa watoto, lakini Aprili 2021, katika kesi ya Brett Jones aliyemuua babu yake akiwa na miaka 15, Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura sita kwa tatu, kwamba jaji halazimiki kwanza kuthibitisha kuwa mtoto huyo hawezi kurekebika. Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 37, unakataza adhabu hii waziwazi. Marekani ndiyo nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia.

Kabla hatujawacheka, tutazame kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela, na tunayo Shule ya Maadilisho Irambo kule Mbeya. Vizuri kabisa. Ila Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 26, tuliyoachiwa na Mwingereza, inasema aliyeua kabla ya miaka 18 hatahukumiwa kifo. Badala yake atashikiliwa kwa ridhaa ya Rais. Haina idadi ya miaka. Kenya walikuwa na maneno kama hayo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu yao ikasema yanapingana na Katiba.

Mlango upo, tofauti na ule wa Angola. Swali langu kwa mawakili mnaosoma hapa: huko magerezani, ni nani hasa mwenye kazi ya kulichukua faili la kijana kama huyo na kulipeleka mezani kwa Rais, na hulipeleka kila baada ya muda gani?