Zamu ya Dada

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili darasa la sita, niliwapa wanafunzi insha ambayo sote tumewahi kuiandika: "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Mmoja wao alikuwa mvulana aliyetoka kambi ya wakimbizi, na nakiri nilitazamia kwake kisa cha bunduki na moto. Akaniandikia foleni ya maji. Jerikeni ya njano isiyo na kifuniko, jua, na jinsi alivyomshikia dada yake zamu huku akiwapisha watu mmoja mmoja wapite mbele. Nilimpa alama 11 kati ya 40 na kuandika kwa wino mwekundu: umetoka nje ya mada.

Miaka mingi baadaye nilisoma When Stars Are Scattered, kitabu cha hadithi kwa michoro kilichotoka 2020, kazi ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed, ambaye kisa ni chake. Omar na mdogo wake Hassan walikimbia vita Somalia, baba ameuawa, mama wamepotezana naye, wakakulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaunti ya Garissa, Kenya, chini ya malezi ya mama mmoja mzee, Fatuma. Nilishangaa jinsi kitabu kinavyokaa na kungoja: kungoja maji, kungoja mgao wa chakula, kungoja jina litokee kwenye orodha ya wanaoitwa na Umoja wa Mataifa kuhojiwa. Hata shule Omar anaisitia, maana Hassan ana kifafa na hazungumzi, atamwachia nani? Hassan ana neno moja tu, hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Neno hilo liliniuma kuliko mabomu yote niliyowahi kuyasoma.

Viko vitabu vya watoto ambamo mkimbizi hupona ukurasa wa mwisho kwa kuwa amepata rafiki. Mwandishi anamhurumia msomaji, naelewa. Lakini mtoto aliyepitia hayo atajiona mkosaji, kwamba yeye mbona bado anashtuka mlango ukigongwa.

Ili apate nchi ya kumpokea, Omar analazimika kuwasimulia wageni siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Hapo nilikifunga kitabu. Nami nilimhoji yule mvulana vivyo hivyo, na aliponinyima nilichotaka nikamkata alama. Kumbe alikuwa amenipa. Aliandika kwamba watu walipita hadi jioni, bomba likafungwa, naye bado amesimama pale pale.

Sikumuuliza kama dada alifika.