Ukuta Uliopinda

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu nchini Uingereza, nilipanga chumba katika kijiji kimoja cha Suffolk. Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta wa bustani wa matofali mekundu, uliopinda kama mwendo wa nyoka. Nilidhani fundi alikuwa amelewa. Kumbe mapindo yale ndiyo nguvu yake: ukuta husimama kwa safu moja tu ya matofali, bila nguzo za kuuegemeza.

Siku moja sehemu yake ilimomonyoka. Nikamshauri mzee mwenye nyumba anunue saruji, tuumalize Jumamosi. Akacheka. Ukuta ule ulikuwa katika orodha ya taifa ya majengo ya urithi, utaratibu uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 1947. Kuubomoa au kuubadili sura yake bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni mali yako. Tena saruji hufungia unyevu na kuyabandua matofali ya kale. Ikatumika chokaa.

Chokaa! Ndiyo hiyo waliyojengea mababu zetu wa pwani, pamoja na mawe ya matumbawe. Ukuta wa namna hiyo, uliozunguka uwanja niliochezea utotoni, ulibomolewa asubuhi moja kupisha fremu za maduka. Hakuna aliyehoji. Nami, nikiwa tayari na shahada mbili, nilipita na kwenda zangu.

Tusiseme hatuna sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Kilichojengwa baadaye husubiri tangazo la Waziri. Tingatinga halina subira hiyo.

Wanafunzi wangu huuliza: ukuta wa tajiri wamfaa nini mkulima? Swali ni la haki, kwani kuta nyingi za bustani zilijengwa ili kuwazuia wasio nacho. Hata hivyo, tajiri ameacha hati, picha na kaburi la marumaru. Fundi aliyepanga matofali hakuacha ila ukuta. Tukiubomoa, tunayemfuta ni yeye.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, kabla hujatia saini kibali cha kubomoa, nenda kautazame ukuta wenyewe. Waulize wazee wa mtaa. Mimi sikuuliza, na sasa hakuna cha kuulizia.