Tulipopiga Picha Arusi ya Kiyahudi

Wengi wetu tumesoma habari za bwana arusi na bibi arusi katika Biblia. Huko Yerusalemu tulipata nafasi ya kupiga picha arusi ya Kiyahudi kwa mara ya kwanza, na tulijifunza mengi.

Arusi haifungwi siku ya Sabato. Siku hiyo Wayahudi washika dini hawapigi picha kabisa. Hii ilifungwa jioni, uani, chini ya hupa, yaani kitambaa kilichotandazwa juu ya miti 4. Bibi arusi alimzunguka mwenzake mara 7, kisha akavishwa pete kidole cha shahada cha mkono wa kuume.

Kilichotugusa zaidi ni ketuba, hati ya ndoa isomwayo kwa Kiaramu mbele ya wote. Humo mume huahidi chakula, mavazi na haki ya unyumba, tena fedha za mke akiachwa au akifiwa. Kwetu mahari mara nyingi huenda kwa wazazi. Hati hii hukabidhiwa mke mwenyewe aitunze.

Bwana arusi akavunja bilauri kwa mguu, kukumbuka Hekalu lililobomolewa mwaka 70. Kisha wawili hao wakaingia chumbani peke yao, mlango ukafungwa, mashahidi wakasimama nje. Nasi tukashusha kamera.

Mama mwenzetu, je, nyumbani kwako upo mlango unaofungwa kwa ajili yenu wawili tu? Ahadi mlizopeana kanisani, zitamkeni tena pamoja.