Mizizi Sitakutumia

Dongobesh, Mbulu

Mjukuu wangu mpendwa,

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Habari ya mimba yako ya miezi mitano imenifurahisha sana, lakini nilishtuka uliposema nikutumie ile mizizi ya tumbo. Sitaituma.

Mimba ya mama yako ilipotimia, mkunga alininywesha maji ya mizizi ili uchungu uje upesi. Ulikuja. Tumbo likakaza kutwa nzima bila kuachia. Hakuna aliyejua ni mizizi mingapi iliyoingia chunguni. Mimi nilipona. Jirani yangu aliyenyweshwa dawa kama hiyo hakupona; mfuko wa uzazi ulipasuka wangali wakimtafutia gari. Kwa hiyo mizizi, magome, mwarobaini na shubiri, usiviguse mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha, isipokuwa daktari akuruhusu. Ule utomvu wa manjano wa shubiri huendesha tumbo vibaya mno.

Usidhani nimezikana dawa zetu. Nimezichuma tangu utotoni na nitakufa nikiziheshimu. Lakini nimeona pia Wahadzabe wa bonde la Yaeda, hapa hapa Mbulu, wanavyotengeneza sumu ya mishale. Wanakamua mmea wa porini, wanachemsha maji yake mpaka yawe mazito kama lami, kisha wanapaka chembe. Moto hauui sumu ile, unaikoleza. Basi mtu akikwambia, "Chemsha sana, haina madhara," kumbuka mshale huo. Na mti usioujua jani lake, ua lake na harufu yake, uache ulipo.

Mumeo akikohoa, kipande kidogo cha tangawizi, limao na kijiko cha asali kwenye kikombe kimoja vinatosha. Pima kwa kijiko kile kile kila siku, usipime kwa kiganja. Kilichobaki jioni kimwage. Mtoto akizaliwa, asali asionje kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ikiwa safi ya mzinga wetu. Inaweza kumlegeza viungo mpaka ashindwe kupumua. Miezi sita ya kwanza apewe ziwa tu. Wageni wakikuletea dawa ya mchango, wapokee kwa heshima, dawa iweke pembeni.

Jambo jingine linaloniuma ni madumu. Siku hizi mashamba ya vitunguu swaumu na ngano yanapuliziwa dawa za wadudu, na watu wanachuma majani ya dawa kando yake, tena wanahifadhi dawa ya kunywa kwenye dumu la dawa ya shamba. Dumu hilo halitakati kwa kuoshwa. Chuma mbali na shamba, tumia chupa ya kioo, andika jina na tarehe.

Hapo Katesh siku ya mnada utaona unga wa kila rangi, na muuzaji anasema unatibu sukari na presha, na unaongeza nguvu za kiume. Unga hauna jani la kuutambulia, usinunue. Sheria ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize cheti chake. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, kikombe kimoja kwa kila mtu na kila ugonjwa. Wapo walioacha vidonge vyao vya hospitali baada ya kunywa. Hilo usilifanye kamwe, wala usichanganye mitishamba na vidonge bila kumwambia nesi.

Homa, damu, kichwa kinachouma kwa nguvu au mtoto kuacha kucheza tumboni, hayo usiyangojee dawa ya nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kliniki ya mwezi huu usiikose, na umtajie nesi kila ulichokunywa tangu ulipopata mimba, hata kama ni kikombe kimoja.

Bibi yako