Kamba ya Kupandia Isianikiwe Nguo

Katika nyumba nyingi za mji wa Mbarara, na vilevile katika nyumba za wakimbizi kule Nakivale, kuna kamba moja tu. Asubuhi kamba hiyo humfunga mbuzi, adhuhuri huanikiwa nguo, na jioni hufungia madumu ya maji nyuma ya baiskeli. Hakuna aibu katika matumizi hayo, maana mtu hutumia alichonacho. Hatari huanza pale baba wa nyumba anapokuwa mkata matawi, na kamba hiyohiyo ndiyo anayojifunga kiunoni akiwa juu ya mkaratusi, mita ishirini kutoka ardhini.

Jambo hili nalijua kwa sababu mdogo wangu ni fundi wa kazi hiyo. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilipata cheti cha ualimu kabla ya kuingia kazi za ofisini, na miti naipanda kwa macho tu. Lakini tulizaliwa katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya jikoni pia, na baba yetu alikuwa na desturi ya kukagua kila kitu chenye kazi ya kulinda uhai, hata taa ya chemli. Wasomaji walio askari watanielewa upesi. Askari hamwazimi jirani bunduki yake akaulie panya.

Kazi ya kukata matawi haikosi wateja. Mikaratusi imepandwa kwa wingi katika sehemu zetu kwa ajili ya kuni na nguzo, na mti huo una tabia mbaya ya kudondosha tawi zima hata siku isiyo na upepo. Mvua za Machi na zile za Septemba zinapokaribia, kila mwenye mabati huutazama mti wa jirani kwa mashaka. Huko Nakivale hali ni tofauti kidogo. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu mwaka 2005 yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kwa kuwa kuni zimekuwa adimu, miti mikubwa iliyosalia aghalabu ni ile ya kivuli, iliyo karibu na shule, zahanati na nyumba za watu. Mti wa namna hiyo hauangushwi kwa shoka moja. Hupandwa, ukapunguzwa kipande kwa kipande.

Mwenzake mdogo wangu ni Mkongo akaaye upande wa Rubondo, ambaye alijifunza kwao kupanda michikichi. Mpanda mchikichi huzungusha kitanzi kiunoni mwake na kwenye shina, akaegemea nyuma, akakirusha kitanzi juu hatua kwa hatua. Ni ustadi wa kupendeza, nao ni ndugu wa ule wa wakwezi wa nazi wa pwani, ambao hutia kitanzi cha kamba miguuni. Lakini mchikichi na mnazi hazina matawi njiani. Mkaratusi unayo. Kila mpandaji afikapo kwenye tawi hana budi kukifungua kitanzi ili alipite, na katika nusu dakika hiyo hana kitu kinachomshika ila vidole vyake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mafundi wa miti duniani kote ni hii: vitanzi viwe viwili, na cha pili kifungwe juu ya tawi kabla cha kwanza hakijafunguliwa chini yake. Na mpandaji anapofika mahali pa kukatia, hasa akitumia msumeno wa mnyororo, hujifunga kwa njia mbili, kwa sababu msumeno ukiteleza haubagui kamba na tawi.

Sasa tuje kwenye kamba yenyewe. Ile kamba ya plastiki ya rangi ya buluu au njano, ambayo wauzaji wengi huiita manila, si manila hata kidogo. Manila ya kweli ni nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino. Hii ya dukani ni plastiki nyepesi iliyotengenezwa kwa kazi za kawaida. Jua huila, ikabaki na rangi yake nzuri huku nguvu zimekwisha, na joto la msuguano huiyeyusha mapema. Katani nayo ni kamba ya heshima, ila ikilala na unyevu huoza ndani ilhali nje inaonekana nzima. Kamba ya mtu wa mitini hutengenezwa kwa nailoni au poliesta, unene wake ni kama milimita 11 hadi 13, na nguvu zake huandikwa na kiwanda. Hata hiyo, ukiipiga fundo huweza kupoteza robo au theluthi ya nguvu zake, na zaidi fundo likiwa baya.

Wengi huuliza: kamba ibebayo gunia la kilo mia, itashindwaje na mtu wa kilo sabini? Jibu ni kwamba gunia halianguki. Mtu akiachia kamba ilegee mita moja au mbili, kisha akateleza, kishindo cha kumsimamisha ghafula huzidi uzito wake mara kadhaa. Kamba za miti hazivutiki sana kama zile za wapanda milima, hivyo kishindo hicho humrudia mwilini, mgongoni na mbavuni. Ndiyo maana kamba hufungwa juu ya kichwa cha mpandaji, kwenye panda ya shina zima, na huwa taut wakati wote, yaani imenyooka bila kulegea. Kuna na fundo la kusaidia, lililotangazwa mwaka 1931 na mpanda milima wa Austria, Karl Prusik: kamba nyembamba huzungushwa mara kadhaa kwenye kamba kuu, ukiisukuma kwa mkono hupanda, ukiitegemea kwa uzito huuma papo hapo. Mkongo yule alipoonyeshwa fundo hilo alicheka, akasema mzungu huyo yaonekana hakupata mchikichi wa kuchezea utotoni.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa mkata matawi, methali hiyo ifuatwe nusu. Mtu wa chini lazima awepo, lakini asimame mbali na mahali matawi yaangukapo, awe na kofia ngumu, na ajue kupanda. Sababu ni hii: mtu aliyejeruhiwa au kuzimia akabaki ananing'inia katika mkanda bila kujongea, damu hukwama miguuni mwake, na kwa dakika chache tu uhai wake waweza kuwa mashakani. Hakuna nafasi ya kwenda kumtafuta mpandaji mwingine sokoni.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja tuliyemfahamu alikatikiwa na kamba karibu na mji, akavunjika nyonga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini mwenye mti alimwona kuwa kibarua wa asubuhi moja, akalipa nauli ya kumpeleka hospitali na basi. Kamba ile niliishika kwa mkono wangu. Mahali ilipokatika palikuwa pagumu, kama paliwahi kumwagikiwa na kitu. Mkewe alisema ilikuwa ikiwekwa uvunguni, kando ya betri ya sola. Tindikali ya betri huila nailoni kimyakimya.

Ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliyelichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi wanaume. Alikuja kwangu akasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa madaftari. Niandikie daftari la kamba." Nikamwandikia. Kamba mpya ilinunuliwa kwa akiba ya miezi mitano, na ikabidi sare ya mtoto ingoje muhula wa pili. Ina mfuko wake wa kitambaa na msumari wake ukutani, mbali na jua, mafuta ya taa na panya. Ikichafuka huoshwa kwa maji matupu na kukaushwa kivulini. Kila alfajiri ya kazi wote wawili huipitisha mikononi pima kwa pima, wakitafuta palipokonda, palipokakamaa au palipotoka manyoya. Kisha shemeji huandika tarehe. Kamba ya kushushia matawi ni nyingine. Ikitokea kamba ya mtu imepigwa na kishindo kikubwa, itakatwa vipande na kugawiwa mbuzi.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliitwa kupunguza mti ambao matawi yake yamepenya katika nyaya za umeme. Alitaka umeme ukatwe kwanza na wenye mamlaka, maana tawi bichi na kamba yenye unyevu hupitisha umeme. Mwenye mti akasema hana siku za kungoja barua. Mdogo wangu akarudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile tulikula maharage pasipo mafuta. Kesho yake nilipita njia hiyo nikielekea ofisini. Kijana mwingine alikuwa tayari amefika matawi ya katikati, kiunoni ana kamba ya buluu, na chini yake hapakuwa na mtu.

Nilimwita ashuke. Alinitazama, akauliza kama mimi ndiye nitakayemlipa.